Nani Aliyebwaga Moyo?

Mgeni anayefika Bagamoyo husimuliwa, pengine kabla hajashuka garini, kwamba jina la mji ni kilio cha mtumwa: kafika pwani, kwao harudi tena, basi aubwage moyo wake hapa. Simulizi hiyo inauma, na inauza. Haikutoka hewani pia, maana watu walivushwa kutoka hapa kwenda Unguja hadi biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku mwaka 1873. Lakini ukiipima kwa kitenzi chenyewe, inachechemea.

Kubwaga ni kutupa chini kilichokuelemea. Mchukuzi hubwaga gunia sokoni. Mgombea humbwaga mwenzake kwenye kura, na aliyeshindwa kabwagwa. Mtu akibwaga moyo wake mwenyewe, ametulia, wasiwasi umemtoka. Sasa mateka aliye kwenye mnyororo, akisubiri jahazi, alikuwa na nini cha kutua?

Mwenye cha kutua alikuwa mpagazi. Wanyamwezi kwa maelfu walishuka pwani kutoka Tabora, mamia ya kilomita kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei: pembe za ndovu begani, jua utosini. Wengi wao walikuwa watu huru wa ujira, walioweza kudai posho yao na kugoma wakipunjwa. Kwao Bagamoyo ilikuwa mzigo chini, malipo mkononi, ngoma usiku.

Hatusemi wanaoshikilia maana ya kukata tamaa wamezua. Aliyeshindwa naye hubwaga manyanga, kwa hiyo kitenzi kinairuhusu tafsiri yao. Kinachotukera ni kumfuta mpagazi. Mwili wa Livingstone ulifika hapa mwaka 1874 mabegani mwa Chuma, Susi na wenzao, kutoka mbali kuliko Tabora. Mnara wa kanisa la kale pale Misheni unaitwa kwa jina la aliyebebwa. (Wabebaji wana bahati mbaya na majina.)

Wanaowafundisha waongoza watalii, na wanaoandika vibao vya mji mkongwe, watoe maana zote mbili na waanze na ile ya mpagazi. Shule za Bagamoyo nazo zisingoje mtalii aulize. Mwalimu wa Kiswahili ana kitenzi kimoja chenye somo zima la historia ndani yake, na watoto wanalitaja jina hilo kila siku.