Fulbeki wa Ng'ambo hakupata Shaaban Robert wake

BARAZANI KIKWAJUNI
Na Makame Haji Ussi

Siti binti Saad alibahatika. Alipofariki mwaka 1950 aliacha santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Vijana wa Ng'ambo waliokuwa wakisakata kabumbu Mnazi Mmoja zama hizo hizo hawakumpata mtu wa kuwafanyia hivyo. Aliyewakalia wazee kitako akawauliza habari za mpira ni mgeni, Laura Fair, na kitabu chake cha 2001 kimetoka kwa Kiingereza.

Wala hatukuuchelewa mchezo. Skuli ya wamisheni pale Kiungani ilikuwa ikicheza mpira tangu karne ya 19. Mwaka 1949 Zanzibar ikaingia Kombe la Gossage, lililoanzwa na Kenya na Uganda mwaka 1926. Kijana wa miaka 20 aliyevaa jezi mwaka ule, kama yu hai, anaikaribia mia. Nani alikuwa kipa? Baraza hii watakutajia mtu, baraza ya pili watakuapia kuwa ni mwengine, na wote wanamjua kwa jina la utani tu.

Kwengine si hivyo. Waaustralia wana mpira wao wenye umbo la yai, unaodakwa na kupigwa teke. Ligi kubwa ya Melbourne ilianza 1897. Aliyecheza mechi moja tu, tena bila ya goli, utamkuta kitabuni kwa jina lake kamili na klabu yake. Sisi hata waliotuletea Kombe la Chalenji kutoka Uganda mwaka 1995 tunawataja nusunusu, na hao si wa zama za kale!

Najua nitaambiwa fedha hakuna. Wachina walitusaidia kuujenga upya uwanja wetu wa Mao, ahsante zao, lakini kumrikodi mzee kwa simu hakuhitaji mfadhili. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, mwendo wa miguu kutoka Mao. Magazeti ya zamani ya Samachar na Al-Falaq ndipo pa kuanzia. Shirikisho letu la soka, ZFF, lizungumze na chuo kikuu chetu, SUZA, kila klabu kongwe ipewe mwanafunzi wake: Kikwajuni, Malindi, Mlandege. Waanze na wenye umri mkubwa. Waandike jina la baba na la babu, wasiridhike na lakabu. Wamuulize mzee alikuwa akifanya kazi gani, alicheza kwa viatu au pekupeku, na timu ilipokwenda kucheza bara nauli ya meli alitoa nani.