TAHARIRI: Kabla ya kununua spika, funga breki mpya

Simama kando ya barabara inayoteremka kutoka soko la Kenyenya, Kaunti ya Kisii. Pikipiki itakupita na abiria wawili na mkungu wa ndizi, lakini injini haisikiki. Jamaa ameweka nyutro aokoe petroli. Kinachowazuia hao watatu wasiishie mtaroni ni shuu za breki ambazo pengine hazijafunguliwa tangu mwaka jana.

Tangu 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, bodaboda imelisha vijana wengi. Nyingi ya pikipiki hizo, pamoja na mikweche ya kitambo kama Honda CG125, hutumia breki za dramu. Breki hizo si mbovu. Kibovu ni tunavyozitunza.

Ukikanyaga breki, kamu hugeuka na kusukuma shuu zikwaruze ukuta wa dramu. Msuguano huo huleta joto, na kwa kuwa dramu imefunikwa, joto halitoki haraka. Mteremko ukiwa mrefu, breki huishiwa nguvu. Ndiyo maana nyutro ni hatari: ukibaki kwenye gia ya chini, injini yenyewe husaidia kuzuia pikipiki.

Kuna ujanja mwingine ambao lazima tuukemee. Shuu zikiisha, wengine huchomoa mkono wa kamu na kuurudisha meno kadhaa nyuma ili breki "ishike" tena. Hapo umenunua wiki mbili kwa bei ya maisha. Kamu ikigeuka kupita kiasi inaweza kukwama, na gurudumu likafunga ghafla ukiwa kwenye matope.

Dawa haihitaji breki ya disiki ya kuchomelea. Mwambie fundi afungue gurudumu. Vumbi la ndani lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe, kwa maana shuu za zamani huenda zina asbesto. Shuu zilizong'aa zipigwe msasa. Zilizolowa grisi au kuisha zitupwe. Kamu isafishwe na ipakwe grisi kidogo tu. Dramu iliyolika kupita kipimo kilichoandikwa ndani yake ibadilishwe. Wakati wa kurudisha, ekseli ikiwa bado imelegea, zungusha gurudumu, shika breki kwa nguvu, kisha kaza nati. Shuu zitakaa katikati. Mwisho, hakikisha breki inaposhika, mkono wa kamu na waya vinakutana kwa pembe ya karibu digrii 90. Hapo ndipo nguvu ya mguu au mkono wako hufika yote.

Kazi hii ni ya asubuhi moja. Hata hivyo, tunaona vijana wakinunua spika na taa za rangi huku breki ya mbele ikiwa imefungwa kwa raba. Kwa kilomita 60 kwa saa, unakula karibu mita 17 kila sekunde. Mtoto akitokea kwenye kona, spika haitakusaidia.

Wito wetu ni kwa vyama vya bodaboda: kila stejini, tengeni siku moja kwa mwezi ya kukagua breki, na asiyepita asibebe mtu. Nawe abiria, kabla ya kupanda, uliza. Akinuna, mwache aende, subiri mwingine. Heri kuchelewa kufika Ogembo kuliko kutofika kabisa.