Mpeni dogo glovu!

Wadau, leo siandiki habari za mkopo wala foleni ya kantini. Nina hasira na mambo ya kwetu Mapera, kule Mbinga. Tangu juzi simu yangu haipumziki: timu ya kijiji inacheza wiki ijayo na vijana wa kando ya Ziwa Nyasa, na kamati imekwama kwenye jambo moja tu, nani akae golini.

Wapo wawili. Kaka mmoja ana miaka thelathini na kitu, anadaka tangu mimi niko shule ya msingi, na akiwapanga mabeki sauti yake inafika mpaka kwenye mashamba ya kahawa. Mwingine ni dogo wa kidato cha nne, mrefu, mwepesi kama paka, ila krosi zinamsumbua. Wazee wanaimba "uzoefu, uzoefu". Mimi nasema mpeni dogo.

Wazee wananitajia Juma Kaseja. Ni kweli, Agosti 2019 Taifa Stars walikwenda Kasarani, Nairobi, kutafuta nafasi ya CHAN, zikaja penalti, Kaseja na miaka yake 34 akapangua, tukawatoa Kenya. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini jamani, huyo Kaseja mzoefu alitoka wapi? Mwaka 2003 (mimi hata sijazaliwa) Simba waliwavua Zamalek ubingwa wa Afrika, kwao Cairo, kwa penalti. Golini alikuwa Kaseja huyo huyo, hajafika hata miaka 20! Na kocha alikuwa James Siang'a, Mkenya ambaye enzi zake naye alikuwa kipa. Kipa alimwamini kipa mtoto. Kamati yetu ingekuwepo pale ingesema "asubiri kidogo".

Wanaofuata mpira wa Ulaya wanamkumbuka Donnarumma. Oktoba 2015 AC Milan walimweka benchi Diego López, mtu aliyedakia Real Madrid, wakampa goli mtoto wa miaka 16. Mwaka 2021 mtoto huyo akawa mchezaji bora wa Euro.

Tatizo ni kwamba kipa si straika. Straika unamwingiza dakika 15 za mwisho, anajifunza humo humo. Goli ni la mtu mmoja. Ukimwambia dogo apate kwanza uzoefu ndipo umpange, aupatie wapi, benchi?

Wenzangu wa ualimu mnanielewa. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha nani alikuwa na uzoefu? Ulisimama mbele ya darasa chaki inatetemeka, mwalimu mwenyeji kakaa nyuma. Basi kaka naye akae nyuma ya goli, ampigie dogo kelele kona ikija: toka, baki, ngumi! Kazi hiyo hakuna anayeiweza kama yeye, na wala si kumdharau.

Atafungwa? Huenda, tena kwa krosi. Ninachoogopa zaidi ni ule mtindo wao wa kumtoa mtu baada ya bao moja, maana dogo akitolewa hivyo mbele ya kijiji kizima, glovu hazigusi tena.

Kamati inakaa Jumapili baada ya ibada. Katibu nimeshamtumia meseji tatu, hajajibu. Ya nne naituma sasa hivi.