Leseni Huru Haitoshi Bila Mafundi

Wapo watumishi wa umma na walimu wanaoamini kwamba faida kubwa ya programu huria za kompyuta ni kutolipiwa. Ofisi ikipata mfumo wa Linux bila kununua leseni, huhesabiwa kuwa imeokoa fedha, na mjadala ukafungwa hapo. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli mdogo. Programu huria haikuanzishwa kwa ajili ya bei. Ilianzishwa ili mtumiaji awe na haki ya kukijua chombo anachokitumia, kukirekebisha, na kuwagawia wenzake.

Yafaa kukumbuka jambo hili lilivyoanza. Mnamo Septemba 1983, Bwana Richard Stallman, wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alitangaza mpango wa GNU. Shabaha yake ilikuwa kuandika upya mfumo mzima unaofanana na Unix, ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma na kuubadili. Kazi za mwanzo za mpango huo zilikuwa zana za fundi. Mwaka 1987 ilitolewa kompaila ya GCC, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mtaalamu, ambayo huitwa msimbo chanzo, kuwa maagizo yanayotekelezwa na mashine. Mwaka 1989 kanuni za uhuru huo ziliwekwa katika leseni ya jumla ya GPL. Leseni na zana vilikwenda pamoja, kwa sababu haki ya kusoma msimbo ni haki tupu kwa mtu asiyeweza kuugeuza kuwa programu inayofanya kazi.

Kazi yenyewe si uchawi. Fundi hupakua jalada la msimbo chanzo, kisha hulinganisha alama zake za uthibitisho na zile zilizotangazwa na mwenye kazi. Huendesha amri ya kwanza, ambayo hukagua kama mashine ina maktaba za programu na zana zinazohitajika. Amri ya pili, make, huiita kompaila ijenge programu kipande kwa kipande, na ya tatu huipanga mahali pake. Aghalabu kazi hukwama njiani kwa sababu maktaba fulani haipo au ni ya toleo la zamani. Hapo ndipo ufundi unapoanza: kusoma ujumbe wa kosa kwa utulivu, kutafuta kilichopungua na kuanza tena.

Kuihamisha programu kutoka aina moja ya mashine kwenda nyingine kunadai ujuzi zaidi. Zipo mashine zinazoanza kuhifadhi namba kwa tarakimu kubwa, na zipo zinazoanza kwa ndogo. Zipo za biti 32 na za biti 64. Msimbo uliodhani kwamba mashine zote ni sawa huvunjika mara moja. Unix yenyewe ilifungwa katika mashine chache mpaka ilipoandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973. Na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoitangaza Linux, alisema wazi kwamba haikuwa rahisi kuhamishwa kutoka kwenye aina ya kompyuta aliyokuwa nayo. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mafundi wa nchi nyingi waliuhamisha. Leo Linux imo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 ndiyo inayoendesha kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani.

Watakuwapo watakaosema kwamba taabu hiyo haina maana siku hizi, kwa sababu mifumo kama Debian hutoa programu zilizokwisha kujengwa, na mtumiaji hubonyeza tu. Ni kweli, lakini hazijajijenga zenyewe. Wapo watu waliozijenga, na usalama wa wote umo mikononi mwao. Machi 2024 dunia ilipewa onyo. Katika matoleo mawili ya xz, programu ndogo ya kubana majalada, ulifichwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Sehemu moja ya mtego huo ilikuwa katika jalada la kupakuliwa, ilhali haikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alikuwa na haki ya kuchunguza, kama watu wote. Alichowazidi ni ufundi na subira ya kuitumia haki hiyo.

Hapa nyumbani upo mfano wa kujivunia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, na leseni iliruhusu. Lakini kazi ya namna hiyo haimalizwi na kamusi peke yake. Maneno yaliyotafsiriwa hurudishwa ndani ya msimbo, na programu hujengwa upya. Toleo jipya likitoka, kazi hurudiwa. Wasipokuwapo mafundi wa kuirudia, Kiswahili hubaki katika toleo la zamani na watumiaji hurudi kwenye lugha za wengine. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hakuna anayedai kwamba kila karani ajenge programu zake. Inatosha kila taasisi iwe na watu wachache wanaoweza kuchukua msimbo chanzo, kuukagua, kuujenga na kuurekebisha, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya wajibu wao wa kila siku. Kwa mwalimu wa kompyuta wajibu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayefundishwa kubonyeza tu atakuwa mteja maisha yake yote. Apewe jalada la programu ndogo, aijenge, akwame, asome kosa na alisahihishe. Zana hazilipiwi, na msimbo uko wazi. Kinachohitajika ni saa chache katika ratiba, na mwalimu aliyekwisha kuijaribu kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe.