WhatsApp siyo daftari

Vijana wenzangu, tuambizane ukweli. Tarehe ya intavyuu, jina la dawa ya mtoto, masharti ya skolashipu: vyote tunaviacha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kesho yake meseji mia zimevifunika. Simu ikiibwa ndiyo basi, na siku ya intavyuu inakupita.

Mimi nasema kupokea habari siyo kuwa nayo. Iandike kwa maneno yako mwenyewe, noti moja jambo moja, na tarehe, na nani kakuambia. Halafu iunganishe na zingine: noti ya skolashipu itaje noti ya vyeti. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliandika vikaratasi karibu 90,000 hivyo hivyo, kila kimoja na namba yake, vingi vikielekeza kwa vingine. Alivipanga kwenye masanduku ya mbao. Kwa hiyo usiniambie eti simu yako ni ya zamani.

Google Keep inaandika hata MB zikiisha. Ukipata mtandao inatunza nakala kwenye akaunti yako. Neno la siri lishike kichwani. Na namba za kesi za watu wengine usiziweke humo.

Nanyi ndugu wa mashirika, picha ya tangazo inakula MB na ni ngumu kuitafuta baadaye. Tuandikieni maneno ya kawaida, yenye tarehe na mahali.

Leo usiku, kabla hujalala, toa mambo matatu kwenye magrupu uyaandike.