Nani Ameuambia Mbuyu?



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hizi kila juma, leo naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwishoni mwa Novemba nilikwenda katika mojawapo ya vigango vyetu kuadhimisha Misa Takatifu, na baada ya Misa nikakaa na watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Tuliketi nje, maana chini ya bati joto lilikuwa halivumiliki. Mbele yetu ulisimama mbuyu mkubwa. Ninyi mnaoishi Ugogo mnaujua mwezi huo: ardhi imepasuka, ng'ombe wamekonda, vumbi linazunguka uwanjani kama moshi, na watu wamesahau harufu ya mvua. Hata hivyo mbuyu ule ulikuwa umekwisha kuchipua majani mabichi kabisa. Nikiwa katikati ya maelezo juu ya Sakramenti, mtoto mmoja wa darasa la nne akanyosha mkono na kuuliza: "Padre, nani ameuambia mbuyu kwamba mvua inakuja?"

Wenzake wakacheka. Katekista akamkata jicho. Nami, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kigango cha pili kilikuwa kikinisubiri, nikajibu: "Mungu ndiye aliyeuambia. Haya, tuendelee." Mtoto akashusha mkono. Hakuuliza tena neno siku ile, na hata alipoulizwa hakujibu.

Ndugu zangu, jibu langu halikuwa la uongo. Mungu ndiye Muumba wa mbuyu na wa mvua. Lakini sikulitoa ili kumfundisha mtoto yule juu ya Mungu. Nililitoa ili anyamaze. Nililitumia jina takatifu kama komeo la mlango. Tumeamriwa tusilitaje bure jina la Bwana, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama amri hiyo inahusu viapo peke yake.

Niliporudi nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya mapema, yaani kutafuta jibu. Mti wa mbuyu ni laini, nao huhifadhi maji mengi ndani ya shina lake nene. Kiangazi kinapoingia, mbuyu hupukutisha majani, kwa sababu majani ndiyo milango ambayo maji hupotelea hewani. Chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kidogo kwa mwanga wa jua, hata mti ukiwa uchi. Kisha, kabla ya mvua, mbuyu huchota katika akiba ya shina na kuchipua majani mapya, ili mvua itakapoanza uwe tayari kazini. Hapa kwetu, ambako mvua huja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, wala haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, mti unaochelewa kuanza kazi hupata hasara. Kwa hiyo hakuna aliyeuletea mbuyu habari ya mvua ijayo. Majani yale mabichi ni maji ya mvua zilizopita, zilizotunzwa kwa miezi mingi ya ukame.

Tazameni jinsi jibu hili lilivyo zuri, na jinsi linavyomtukuza Muumba kuliko lile la haraka nililompa mtoto! Nilimnyima.

Kosa langu si geni katika nchi yetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayaweke ndani ya friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa inakwisha. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu akakuta yake yameganda, ya mwenzake bado.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa mjini Iringa, akauliza tena, na mara hii mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea darasani, wenzake walimtania kwa maneno hayohayo. Kijana hakukata tamaa. Akajaribu mwenyewe kwa maji katika maabara, akayaona yaleyale.

Ndipo akafika shuleni hapo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, ila angeendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mtanzania huyo. Mpemba mwenyewe alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka na kuifanya kazi hiyo.

Naomba niseme ukweli wote. Wanasayansi hawajakubaliana juu ya jambo lenyewe. Wako wanaotaja maji yanayopotea kwa mvuke, wako wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, na wako waliochapisha mwaka 2016 kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuuona ushahidi wa kutosha. Lakini hilo halimpunguzii Mpemba heshima hata kidogo. Yule aliyemcheka hakuwa na haki ya kucheka hata kama mwisho wake ingeonekana kwamba Mpemba alikosea, kwa sababu wakati anacheka hakuwa amepima. Kijana alikuwa ametazama na kupima. Mkubwa wake alikuwa na cheo tu.

Mtu atasema: "Padre, hayo ni mambo ya aiskrimu na mibuyu. Sisi tuna shida za kweli." Basi tuzitazame shida za kweli.

Nendeni Kongwa, hapa mashariki ya jiji letu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika katika eneo kubwa sana. Ujumbe wa watu watatu ulizunguka nchi kwa wiki chache tu mwaka 1946 na kutoa ushauri, na mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikagoma kung'oka. Udongo wa mfinyanzi, jua lilipouwakia, ukawa mgumu kama tofali, karanga zikanasa ardhini. Mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Swali lililopaswa kutangulia lilikuwa la kitoto kabisa: hapa mvua hunyesha kiasi gani, na udongo huu hufanyaje wakati wa jua? Mchunga mbuzi yeyote wa Kigogo angeweza kuanza kulijibu. Wakubwa hawakulipa nafasi.

Hasara ya Kongwa ilikuwa ya fedha. Iko hasara mbaya zaidi. Mnafahamu habari za bibi wazee waliouawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa kudhaniwa kuwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa miaka mingi ya kuinama jikoni kuwapikia haohao waliokuja kuwainulia panga. Laiti angekuwapo mtu mmoja nyumbani aliyezoea kuuliza kwa utulivu, "Kwa nini macho ya bibi ni mekundu?", na kusubiri jibu la kweli! Swali lililofukuzwa mlangoni halipotei. Hubaki nje gizani, na mganga mpiga ramli hulikaribisha kwake na kulipatia jibu la haraka, lenye jina la jirani ndani yake. Tukiwazoesha watoto wetu kupokea majibu ya haraka kutoka kwa Padre, kesho watayapokea majibu ya haraka kutoka kwa yeyote.

Je, imani inaogopa maswali? Someni Injili ya Luka sura ya pili. Yesu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alipopotea Yerusalemu, wazazi wake walimkuta hekaluni, katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu hakuona aibu kuuliza, na walimu wale, tuwape haki yao, hawakumfukuza. Kanisa lenyewe limezaa watu wa maswali. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1931 kwamba ulimwengu wote huenda ulianza kutoka chembe moja. Lakini alishauri kwamba nadharia yake ya kisayansi isichanganywe na fundisho la imani juu ya uumbaji. Hakutaka Mungu awe kiraka cha kuzibia matundu ya ujinga wetu. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1998 juu ya imani na akili, alifundisha kwamba viwili hivyo vinahitajiana.

Najua baadhi ya wazazi watanilaumu: "Padre, unatuharibia watoto. Mtoto mwenye adabu husikiliza." Hoja hiyo siidharau. Katika kipindi hiki cha Majilio tunawasikia watu wawili wanaomwuliza malaika swali, Zakaria na Bikira Maria. Mmoja alifanywa bubu, mwingine alijibiwa kwa upole. Tofauti yao haikuwa kwamba mmoja aliuliza na mwingine akanyamaza. Zakaria alidai uthibitisho kwanza ndipo aamini. Maria aliamini, akataka kuelewa. Basi adabu ni namna ya kuuliza, nayo hufundishwa. Ukimya tunaoulazimisha kwa jicho kali si adabu, ni hofu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mjinga ni yule anayeona aibu kusema "sijui" mbele ya mtoto.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwenu makatekista: swali likiwa nje ya somo, liandikeni, na Dominika inayofuata mlirudie, msilichekee. Kwenu wazazi: semeni "sijui, tuulize" angalau mara moja kwa juma, mtoto akisikia. Kwenu walimu waamini, mnaofundisha sitini au themanini katika chumba kimoja, najua muda hautoshi. Lakini kumzuia asiyecheka na kumkemea anayecheka hakuhitaji muda. Kwangu mimi nimejiwekea kitubio, nacho nimekwisha kukianza.

Juma lililopita nilirudi kigangoni. Nikamwita mtoto yule mbele ya wenzake, nikamwomba radhi, na nikaeleza habari ya shina, gome na maji ya akiba. Alisikiliza akiuangalia mbuyu, si mimi. Katekista akauliza kama ameridhika. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akanyosha mkono, kama vile tuko darasani: "Padre, na kama mwaka jana mvua ilikuwa kidogo, je, mwaka huu majani yatakuwa machache?"

Nikamwambia: "Sijui, mwanangu." Mara hii hakuna aliyecheka. Tumekubaliana kwamba yeye na wenzake watachagua tawi moja, watalifunga kitambaa, na kila mwaka kabla ya mvua watahesabu majani yake. Nimewanunulia daftari. Katekista analitunza katika sanduku la sakristia, pamoja na vitabu vya Misa.

Nawatakia Majilio mema. Mwenyezi Mungu awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi Paroko wenu.