Wito kwa Sisi wa Huku

Ndugu zangu wa Mbinga, nanyi wa kule chini ziwani, kuna kauli tumeizoea mpaka hatuisikii tena ikitutoka: "Sisi wa huku." Sisi wa huku tutawezea wapi. Hayo ni ya watu wa Dar, sisi wa huku tulime tu. Nimeisema sana mimi mwenyewe. Mwaka niliomaliza shule nilisimama kwenye mkutano wa kijiji niulize habari ya kisima kilichokufa, nikaona macho yote yamenigeukia, nikaomba radhi, nikakaa. Nikarudi nyumbani na swali langu.

Mwezi Machi bibi yangu akaniita shambani nikamsaidie kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Mteremko wenyewe hata mbuzi angeupanda kwa hadhari. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa, zikapangwa mistari inayokatana, miraba miraba kama kitambaa cha meza. Bibi alirusha maharage juu ya nyasi, akachimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafunikia, mpaka kati pakabaki shimo na pembeni pakainuka tuta. Kisha mraba wa pili. Nilitazama juu, nikatazama chini, nikamuuliza tutamaliza lini.

"Maharage uliyoyashika ndiyo ninayoyasubiri," akasema.

Wiki ile mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikaenda kuchungulia. Kila shimo limetulia na maji yake kama bakuli. Ng'ambo ya kijito, shamba la matuta ya kawaida lilikuwa limechanika, udongo mwekundu wote bondeni.

Tuzingatie ngoro hizo zimetoka wapi. Wazee husimulia kwamba karne ya 19, vita vya Wangoni vilipochacha, Wamatengo walijibana kwenye milima hii, watu wengi mahali padogo, pasipolimika. Hapakuwa na bwana shamba wala semina yenye posho. Walijaribu, wakakosea, bila shaka walilala njaa misimu kadhaa, wakajaribu tena. Miaka mingi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuyasoma mashimo hayohayo. Kule Kindimba walishirikiana na wanakijiji kujenga mashine ya kusaga inayozungushwa na maji ya mto. Kamati ya kazi ile iliegemea sengu, ule utaratibu wetu wa zamani wa ukoo kula pamoja na kuamua pamoja. Sengu! Kitu ambacho wengi wetu tulidhani kimekwisha na wazee.

Kwa hiyo sisi wa huku tuna sababu ya kujiamini. Sisemi kwamba kujiamini kunapandisha bei ya kahawa mnadani. Hakupandishi. Ngoro nazo hazikuchimbwa kwa kujiamini, zilichimbwa kwa migongo ya akina mama, na hapo vijana wa kiume tuna deni. Tunafyeka, tunapanga nyasi, halafu tunaliacha jembe kwa mama. Msimu huu lichukueni. Muombeni bibi awaoneshe, angali yupo wa kuonesha.

Kwenu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Kwa miaka mingi tuliambizana kwamba lami haitafika ziwani, na leo gari linateremka kutoka baridi ya Mbinga mpaka joto la Mbamba Bay bila vumbi. Barabara ipo. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, je? Bado tunauanika mchangani, mnunuzi anaokota kiganja kimoja, anatafuna, mchanga unalia menoni, anashusha bei. Nimesikia mtu akisema chanja ya kuanikia ni mambo ya mradi. Chanja ni miti minne, fito na kipande cha nyavu kuukuu. Mtumbwi tunaochonga kwa gogo zima ni mgumu mara mia. Jengeni moja, kwa majaribio tu, muone mnunuzi atatafuna nini.

Na kwenu nyote: mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kwa mujibu wa sheria walau kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Wewe muuza chipsi stendi, wewe binti uliyerudi kutoka chuoni na cheti chako kabatini, nyote ni wajumbe. Njooni na swali moja mlilokaa nalo muda mrefu. Kama sauti itakata, kaa kidogo, simama tena. Wasomaji wa mapato na matumizi hawatakimbia.

Mimi bado nina lile la kisima. Nimeliandika kwenye karatasi safari hii, maana najijua. Ukiniona nimesimama na karatasi inatetemeka, usinicheke. Nyoosha mkono uwe wa pili.